Kukatwa Si Sawa na Kujitoa: Siasa za Mtandao, Tukiziangalia Kutoka Nyarubungo

Jumatano ya tarehe 29 Oktoba 2025, siku ya uchaguzi mkuu, intaneti ilizimwa Tanzania nzima. Ilirejea tarehe 3 Novemba, siku ileile Rais Samia Suluhu Hassan alipoapishwa Dodoma baada ya kutangazwa mshindi kwa karibu asilimia 98 ya kura. Wakazi wa Dar es Salaam, Mwanza na Arusha walizihesabu siku hizo kwa saa. Katika kata ya Nyarubungo, wilayani Biharamulo, mkoani Kagera, wapo ambao hawakuwa na cha kuzimiwa. Mkulima mwenye kitochi, ile simu ya batani inayopendwa kwa tochi yake na kwa betri isiyoisha chaji haraka, hana bando la kukatika wala kundi la WhatsApp la kumpotea.

Ukiishia hapo utasema kuzimwa kwa intaneti ni shida ya watu wa mjini. Sivyo. Mwenye duka anayemuuzia mkulima huyo sukari huagiza mzigo wake kwa WhatsApp. Mwana wa mkulima yuko Dar es Salaam, jiji lililowekewa amri ya kutotoka nje usiku huku habari za risasi na vifo zikipita kwa minong'ono. Kijana wa jirani, ambaye siku zote ndiye humsomea yanayosemwa mtandaoni, naye hajui kitu. Kitochi chenyewe hakikuzimwa. Waliozimwa ni wale wote waliokuwa wakikiunganisha na dunia.

Huko Ulaya mjadala wa kuwa nje ya mtandao umechukua sura nyingine kabisa. Watu wamechoka na simu zao. Ufaransa imekuwa na sheria tangu Januari 2017 inayomlinda mfanyakazi asifuatwe na barua pepe za ofisi baada ya saa za kazi, na Australia ikafuata Agosti 2024. Hata Kenya, Seneta Samson Cherargei alipeleka muswada wa namna hiyo mwaka 2022. Ni mambo ya maana, na nitayarudia. Ila anayeanzia hapo huwa amekwisha kudhani kwamba kila mtu ameunganishwa, na kwamba swichi iko mkononi mwake. Nyarubungo inatulazimisha kuuliza kwanza swichi iko kwa nani.

Nionavyo mimi, iko kwa wengi: kwa kampuni inayoamua mnara usimame wapi, kwa anayepanga bei ya bando, kwa ofisi ya vitambulisho, kwa mume mwenye simu, na kwa mamlaka inayoweza kutoa amri usiku mmoja ikazima nchi. Nguvu zao hazilingani, na wala hawatuachi gizani kwa namna moja.

Tuanze na mnara, kwa sababu ndio unaozungumzwa zaidi na ndio wenye siasa nyepesi kuliko yote. Kwa sensa ya 2022 Mkoa wa Kagera una watu 2,989,299, na wengi wao wanaishi vijijini. Kampuni ya simu hujenga palipo na wateja wa kutosha. Pasipo na wateja hujenga ikilipwa. Ndiyo sababu upo Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, UCSAF, uliozaliwa na sheria ya mwaka 2006, unaotoa ruzuku ili minara isimame kwenye kata ambazo biashara peke yake isingezifikia. Tarehe 13 Mei 2023 serikali ilisaini mikataba ya kujenga minara 758 katika kata 713 nchini. Halotel, iliyoingia Tanzania mwaka 2015, ilijipatia jina vijijini kwa kufika ambako wengine walikuwa wakisitasita. Mkongo wa Taifa wa mawasiliano nao unafika Rusumo na Kabanga, wilayani Ngara, ambako unaungana na Rwanda na Burundi. Kwa hiyo intaneti ya nchi jirani hupita mkoani humu ikiwa chini ya ardhi, na juu yake kuna mtu amepanda kichuguu anatafuta mistari miwili ya mtandao apige simu.

Takwimu za Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, zilionyesha katikati ya mwaka 2025 kwamba laini zinazotumia intaneti nchini zimepita milioni 50. Hizo ni laini, si watu. Mfanyabiashara wa Nyakanazi anaweza kuwa na laini tatu, kila moja kwa ofa yake, wakati kaya nzima ya Nyarubungo ina simu moja, na simu hiyo huondoka asubuhi mfukoni mwa baba. Mama na watoto wakiitaka wataisubiri jioni, nayo ikiwa na chaji. Anayepanga sera kwa kuhesabu laini atadhani kijiji kizima kimeunganishwa.

Bei nayo hukata watu kimyakimya. Aprili 2021 kampuni zilipobadilisha bei za vifurushi, kelele zilikuwa kubwa kiasi kwamba ndani ya siku chache serikali ilisitisha bei mpya. Julai mwaka huohuo ikaja tozo ya miamala ya simu. Nayo ilipigiwa kelele mpaka ikapunguzwa. Visa hivyo viwili vinafundisha kwamba bei ya kuunganishwa ni jambo la siasa, na kwamba wananchi wakisema kwa sauti moja husikika. Lakini waliosikika walikuwa wale waliokuwa mtandaoni tayari. Aliyeacha kununua bando kwa sababu hela imekwenda kwenye mbegu hakuandika popote kwamba ameacha.

Sasa tuje kwenye kitambulisho. Hapa ndipo Biharamulo na Ngara zinapotofautiana na sehemu nyingi za nchi, na ndipo penye uzito kuliko minara.

Mei 2019 ulianza usajili wa laini za simu kwa alama za vidole. Ili usajiliwe ulihitaji kitambulisho cha taifa, kile cha NIDA, au angalau namba yake. Mwisho uliwekwa tarehe 31 Desemba 2019, na ambaye hajasajiliwa laini yake ifungwe. Siku chache kabla, tarehe 27 Desemba, Rais John Magufuli alisajili laini yake Chato, kisha akaongeza siku 20. Wakati fulani Chato yote ilikuwa sehemu ya Wilaya ya Biharamulo, na jimbo lililompeleka Magufuli bungeni mwaka 1995 liliitwa Biharamulo Mashariki. Kwa hiyo aliyeongeza muda alikuwa mtu wa nyumbani, aliyejua foleni za NIDA zilivyo. Tarehe 20 Januari 2020 muda huo ukaisha, laini zikaanza kufungwa kwa awamu.

Mtu wa Dodoma aliyekosa namba ya NIDA alikuwa na tatizo la foleni. Mtu wa Ngara au Biharamulo aliyeikosa angeweza kuwa na tatizo la uraia. Wilaya hizi zimekaa mpakani, na familia zao hazikuanza wala hazikuishia kwenye mstari uliochorwa na wakoloni. Mwishoni mwa Aprili 1994 watu wapatao robo milioni walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda kwa muda wa siku moja hivi, na Benaco ikawa moja ya kambi kubwa kabisa za wakimbizi duniani. Wakimbizi wa Burundi nao walikaa katika kambi ya Lukole kwa miaka mingi. Halafu mwaka 2013, baada ya Rais Jakaya Kikwete kutoa muda kwa wahamiaji wasio na vibali kuondoka, ikaja Operesheni Kimbunga katika mikoa ya Kagera, Kigoma na Geita. Maelfu waliondolewa, wakiwamo waliokuwa wameishi nchini miongo kadhaa, wameoa, wameolewa na kuzaa hapa. Kumbukumbu hiyo haijapoa. Msubi au Mhangaza anayesimama mbele ya dawati na kuulizwa babu yake alizikwa wapi anajua kwamba swali hilo halikutungwa kwa ajili ya kujaza fomu tu.

Ukiunganisha laini na kitambulisho, na kitambulisho na uraia, unakuwa umeunganisha simu na ukoo. Mwenye shaka kwenye ukoo wake, au aliyetiliwa shaka na afisa, hupoteza uwezo wa kupigiwa simu na mwanawe. Jamii huwa na njia zake. Laini ikasajiliwa kwa jina la shemeji, ya bibi kwa jina la mjukuu, ya kibarua kwa jina la mwajiri. Bonyeza *106# uone laini zilizosajiliwa kwa namba yako ya NIDA. Vijijini si ajabu mtu kukuta nyingine ambazo si zake kwa matumizi ingawa ni zake kwa sheria. Serikali ilitaka kujua kila laini ni ya nani, na sababu zake, utapeli na uhalifu, zina msingi. Lakini kwa wale walioazimana majina, mjane ambaye laini yake ilisajiliwa kwa jina la shemeji atagundua siku ya ugomvi wa shamba kwamba hata pesa iliyomo kwenye simu si yake.

Tungeweza kusema: basi, asiye na simu aishi kama walivyoishi wazee, bila simu. Zamani hilo liliwezekana, kwa sababu kila huduma ya serikali ilikuwa na karatasi na dirisha. Leo haiwezekani, na hiki ndicho kiini cha hoja yangu.

Chukua mbolea ya ruzuku, iliyoanza msimu wa 2022/23. Mkulima huandikishwa kwanza kwa mtendaji wa kijiji, jina lake huingizwa kwenye mfumo, kisha hupata namba inayomtambulisha. Akienda kwa wakala, wakala lazima mfumo wake usome mfuko na namba ya mkulima ndipo bei ya ruzuku ikubali. Mtandao ukisumbua, mfuko uko pale, mkulima yuko pale, pesa iko mkononi, na mauzo hayafanyiki. Mtu aliyesafiri na baiskeli kutoka shambani hadi kwa wakala anaambiwa arudi kesho. Malalamiko ya namna hiyo yalisikika tangu msimu wa kwanza, pamoja na mengine ya foleni na umbali wa mawakala. Mpango wenyewe ni mzuri. Umewapunguzia wengi makali ya bei. Lakini mvua ya Kagera haisubiri mfumo urudi hewani.

Au mchukue kijana aliyemaliza kidato cha sita. Matokeo ya NECTA yako mtandaoni, mkopo wa HESLB unaombwa mtandaoni, udahili wa chuo mtandaoni, kazi serikalini kupitia Ajira Portal. Simu yake, kama anayo, haitoshi kupakia vyeti. Kwa hiyo anakwenda stesheneri, kule mjini Biharamulo au kwenye vituo vya barabarani. Mtu wa stesheneri ni kiumbe ambaye wanasayansi wa jamii wangepaswa kumtazama kwa karibu zaidi. Ndiye anayemfungulia kijana barua pepe, ndiye anayemtungia nywila, na nywila hiyo mara nyingi huandikwa kwenye daftari lake la kaunta, daftari lenye karatasi zilizokunjika pembe, pamoja na nywila za vijana wengine wa kata. Anaskani cheti cha kuzaliwa, anapiga picha mbele ya shuka la bluu lililotundikwa ukutani, anajaza hata kipengele ambacho mwombaji hakukielewa, anatoa kumbukumbu namba ya malipo, anapokea pesa yake. Kijana huondoka na karatasi yenye muhuri wa stesheneri akiamini ameomba mkopo. Akisahau nywila, au daftari likipotea, ameondoka kwenye mfumo wa taifa bila amri ya mtu yeyote. Mtandao wa nchi unakwenda hadi kwenye kaunta hiyo. Kuanzia hapo ni uaminifu wa mtu na mtu.

Watumishi wenyewe hawako salama. Mwalimu aliyepangiwa shule ya kijijini huombwa takwimu kwenye kundi la WhatsApp la kata saa tatu usiku, zitumwe kabla ya asubuhi. Bando ni lake, simu ni yake, na mtandao unapatikana akipanda kilimani. Huyu ndiye anayestahili kuwa wa kwanza kunufaika na haki ya kujitoa wanayoizungumzia Ufaransa na Australia. Kwake hali ni mbaya mara mbili: hawezi kuunganishwa anapohitaji, na hawezi kujitoa anapochoka.

Sasa turudi kwenye amri. Oktoba 2025 haikuwa mara ya kwanza. Kuelekea uchaguzi wa 2020, TCRA iliagiza kampuni za simu zisitishe ujumbe mfupi wa jumla na simu za jumla kuanzia tarehe 24 Oktoba hadi 11 Novemba, na kuanzia tarehe 27 Oktoba Twitter, WhatsApp na mitandao mingine ilibanwa. Oktoba 2023 TCRA ilitaka watumiaji wa VPN wajitambulishe. Mei 2025 mtandao wa X ulifungwa, na Septemba leseni ya jukwaa la JamiiForums ikasitishwa kwa siku 90. Ukiviweka pamoja unaona mazoea yanayokua: kwanza ujumbe, kisha mtandao mmojammoja, mwisho intaneti nzima.

Majirani wetu walikwenda njia hiyo mapema. Uganda ilifunga mitandao ya kijamii na hata huduma za pesa kwa simu siku ya uchaguzi, Februari 2016, na Januari 2021 ikazima intaneti yote kwa siku kadhaa. Burundi ilibana WhatsApp na Facebook wakati wa maandamano ya 2015, na ikabana tena uchaguzi wa 2020. Kongo ilizima intaneti kwa takribani siku ishirini baada ya kura za Desemba 2018. Ngara imepakana na Burundi na Rwanda, na mtu akisimama Rusumo simu yake inaweza kudaka mawimbi ya upande wa pili. Mawimbi hayana pasipoti. Nyarubungo iko ndani zaidi, haina hata nafasi hiyo ya kuchungulia.

Utetezi wa kuzima huwa ni mmoja: usalama, uchochezi, habari za uongo. Siupuuzi. Watu wa mkoa huu wanaijua nguvu ya maneno hewani; waliovuka Rusumo mwaka 1994 walikuwa wanakimbia nchi ambamo redio RTLM ilihimiza mauaji. Lakini tazama jibu la hapa Ngara lilikuwa nini. Mwaka 1995, katikati ya kambi za wakimbizi, ilianzishwa Radio Kwizera na shirika la Wajesuiti la kuwahudumia wakimbizi, JRS. Neno baya lilijibiwa kwa neno jema na kwa habari zaidi. Wakimbizi waliondoka, redio ikabaki, na hadi leo inasikika katika eneo hili. Mtu wa kitochi anaipata bila bando. Kwangu huo ni ushahidi wa kihistoria, uliopatikana palepale penye hatari kubwa kuliko ya Oktoba 2025, kwamba dawa ya uvumi ni habari.

Na Biharamulo yenyewe ilitoa ushahidi wa pili mwaka huohuo wa 2025. Katikati ya Januari Shirika la Afya Duniani, WHO, lilitangaza kwamba kuna wagonjwa na vifo vinavyoshukiwa kuwa vya Marburg mkoani Kagera. Wizara ya Afya ikajibu kwamba sampuli zilizopimwa hazikuonyesha ugonjwa huo. Tarehe 20 Januari, Rais Samia akiwa na mkuu wa WHO, Tedros Ghebreyesus, alitangaza Dodoma kwamba mgonjwa mmoja wa Biharamulo amethibitika. Mlipuko ulitangazwa kwisha tarehe 13 Machi, ukiwa umeua watu kumi, wakiwamo wale ambao ugonjwa wao ulikisiwa bila kuthibitishwa maabara. Intaneti ilikuwepo siku zote hizo. Hata hivyo, kati ya tangazo la WHO kule Geneva na lile la Dodoma, mtu aliyekuwa na msiba nyumbani hakujua aoshe maiti au asiguse. Kanuni za maudhui ya mtandaoni za mwaka 2020 zilikataza kuchapisha habari za mlipuko wa ugonjwa hatari bila idhini ya mamlaka husika. Muuguzi, mwandishi wa redio, mwalimu, kila ambaye angeweza kusema "jamani, hapa kuna jambo, tujihadhari", alijua hilo. Mtu anaweza kukatwa habari huku mistari ya mtandao ikiwa imejaa.

Ndiyo maana sikubaliani na wanaosema tatizo litakwisha minara ikijaa. Minara ijengwe, tena haraka. Lakini mtandao unaozimika kwa amri isiyo na maandishi, bila sababu iliyotolewa hadharani na bila tarehe ya mwisho, hauko mikononi mwa anayeutumia hata ukimfikia hadi jikoni. Intaneti iliporudi tarehe 3 Novemba, wenye simu walipokea ujumbe wa kuwaonya wasisambaze picha zinazoweza kuzua taharuki. Januari 2026 Rais aliwapa pole mabalozi na wageni wanaoishi nchini kwa usumbufu walioupata, ukiwemo wa kuzimwa kwa intaneti. Ilikuwa pole stahiki. Wenye nchi nao walistahili iliyo yao, pamoja na maelezo ya nani aliamua, kwa sheria ipi.

Mahakama za kwingine zimeanza kuliuliza swali hilo. Januari 2019 Mahakama Kuu ya Zimbabwe iliona kwamba aliyeamuru intaneti izimwe hakuwa na mamlaka hayo. Januari 2020 Mahakama ya Juu ya India, katika shauri lililotokana na kuzimwa kwa mtandao Kashmir, ilisema amri ya kuzima bila kikomo haikubaliki na kwamba amri hizo lazima zichapishwe ili ziweze kupingwa. Juni mwaka huo mahakama ya ECOWAS iliikuta Togo na hatia ya kuzima intaneti wakati wa maandamano ya 2017. Mei 2025 Mahakama Kuu ya Kenya ilitoa amri ya muda kuzuia serikali kuzima. Machi 2024 Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu ilizitaka nchi wanachama zisizime intaneti wakati wa uchaguzi. Na ibara ya 18 ya Katiba yetu inampa kila mtu uhuru wa mawasiliano na haki ya kupewa taarifa wakati wote kuhusu matukio muhimu kwa maisha ya wananchi. Haisemi wakati wote isipokuwa wiki ya uchaguzi.

Nimeahidi kurudi kwa wanaojitoa wenyewe, maana wapo hata Nyarubungo, na wengi wao hawajitoi kwa ajili ya mapumziko. Wanakimbia. Mtu anabadilisha laini kwa sababu ya mikopo ya kausha damu ya mtandaoni, ile ambayo ukichelewa kulipa, ndugu na marafiki waliomo kwenye simu yako hutumiwa ujumbe kwamba wewe ni mwizi. Novemba 2024 Benki Kuu ilipiga marufuku programu 69 za namna hiyo, baada ya heshima za watu wengi kuchafuliwa. Mwingine huzima simu wiki ya michango ya harusi. Kuna aliyeajiriwa mjini ambaye kila simu kutoka nyumbani ni ombi la pesa, mpaka anaogopa jina la mama yake likitokea kwenye kioo. Na ole wake anayejitoa kwenye kundi la WhatsApp la ukoo: maandishi madogo kwamba ametoka kundini hugeuka kesi ya kikao, na atakuja kuulizwa msibani. Kwetu kujitoa mtandaoni husomwa kama kujitoa kwenye udugu. Wanaotuletea mafundisho ya kupumzika na simu hawajakutana na shangazi mweka hazina wa kamati ya harusi.

Wote hao, hata mwenye madeni, wana kitu ambacho mkulima wa foleni ya mbolea hana. Waliamua, na wakitaka kesho watarudi. Kwa hiyo kipimo changu cha haki ni chepesi: je, aliye nje ya mtandao anaweza kurudi kwa uamuzi wake, na akibaki nje, anaendelea kupata kilicho haki yake? Kwa Nyarubungo ya leo jibu la swali la kwanza ni mara nyingine ndiyo, na la pili ni hapana. Serikali imeufanya mtandao kuwa mlango wa mbolea, mkopo, ajira na malipo, kisha ikajiachia ufunguo wa kuufunga. Haiwezi kuwa na vyote viwili. Ikitaka kila huduma ipite mtandaoni, iweke sheria kwamba hakuna kuzima bila amri ya mahakama yenye sababu na muda. Na hata sheria hiyo ikipatikana, kila mfumo uwe na karatasi: mtendaji mwenye daftari, wakala mwenye fomu ya kujazwa kwa mkono na kuingizwa mtandao ukirudi, afisa wa NIDA anayewafuata watu vijijini na kumpa jibu la maandishi anayemkatalia.

Mengi ya haya yataamuliwa Dodoma. Moja halihitaji Dodoma. Kwa sheria, mkutano mkuu wa kijiji hukaa angalau kila baada ya miezi mitatu, na mwanakijiji yeyote mwenye umri wa miaka 18 au zaidi ana haki ya kuhudhuria na kusema. Kabla ya msimu ujao wa mbolea, mwanakijiji mmoja asimame amuulize mtendaji, na jibu liandikwe kwenye muhtasari: mfumo ukikosa mtandao siku ya kugawa, mkulima aliyefika na namba yake na pesa yake atahudumiwaje?